Pua ya Kinyozi

Fusae alikuwa ameishi na mumewe tangu akiwa msichana, na hakuwahi hata siku moja kumsikia akipenga kamasi. Yasuji akitaka kupenga alikwenda chooni, akafunga mlango, akafungulia maji, na kilichotendeka humo kilibaki siri yake na ukuta. Ndivyo alivyofunzwa na bwana wake wakati akijifunza ukinyozi: uso wako uko juu ya uso wa mteja, pumzi yako anaivuta yeye, kwa hiyo pua ya kinyozi isisikike. Pale Kiryu, mji wao wa Japani, hakuna anayependa mtu apenge mbele za watu, hiyo ni adabu ya kila mmoja, ila Yasuji aliigeuza kuwa dini.

Basi asubuhi ile ndani ya treni, wakielekea hospitali, Fusae alipomsikia akivuta kamasi, akameza, akavuta tena, moyo ulimpiga pa.

"Baba Minori," alimnong'oneza, "pua imejaa?"

"Upepo huo."

"Upepo gani unaokaa puani tangu juzi?"

"Punguza sauti. Kuna watu."

Watu wenyewe walikuwa wanafunzi wawili waliolala vinywa wazi, na bibi mmoja aliyekumbatia mfuko wa vitunguu vibichi. Lakini kwa Yasuji watu ni watu. Aliipandisha barakoa yake mpaka chini ya macho, akageukia dirishani, akawa anamezea humo humo. Fusae alitoa hanchifu kwenye mkoba akaiweka pajani mwa mumewe. Yasuji aliikunja vizuri akamrudishia.

Nyuma ya shavu lake la kulia, kwenye yale mapango ya pua, palikuwa na saratani. Mpasuaji wa kwanza waliyemwona hakuzungusha maneno: alisema ataondoa taya la juu upande huo, na jicho pia. Kinyozi mwenye jicho moja! Mtu anayeshika wembe hapaswi kukisia umbali kati ya makali na ngozi. Jicho moja linamdanganya. Yasuji aliitika "sawa, sawa" kama anayeambiwa bei ya nyanya, na walipofika nyumbani akakaa kwenye kiti cha wateja, kwenye duka lililozimwa taa, mpaka Fusae akamfuata na kumvuta mkono.

Halafu ndipo wakapelekwa kwenye hospitali hii yenye mashine iliyojaza jengo zima, kwa Daktari Isobe, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Yeye aliwaeleza taratibu. Kuna chembe za kaboni, kaboni hiyo hiyo iliyomo kwenye makaa. Zinakimbizwa kwenye mduara mpaka zinapata kasi ya kutisha, kisha zinaelekezwa kwenye uvimbe. Uzuri wake, alisema, chembe hizi hazitoboi zikatokea upande wa pili. Zinakwenda mpaka pale palipopimwa, zinasimama, zinamwaga nguvu zao hapo hapo. Mbele ya hapo kuna mshipa wa jicho, nao hauguswi sana.

"Kwa hiyo jicho litabaki?" Fusae aliuliza.

"Nafasi ni nzuri, kama vipimo vitatulia."

Yasuji aliinama mpaka paji la uso likakaribia meza. "Naacha kila kitu mikononi mwako, daktari," alisema, na katika safari ya kurudi alikuwa karibu kuimba.

Sasa tiba ilikuwa imefika katikati, na kila walipofika pale mtaalamu wa mashine, mwanamume wa makamo aitwaye Nagumo, aliwapokea mlangoni kwa swali lile lile.

"Karibu, mzee Kuribara. Kuna mabadiliko yoyote tangu juzi? Maumivu, pua kuziba, kutokwa na uchafu?"

"Hakuna kitu, nashukuru. Ni kwa hisani yenu."

"Pua iko wazi?"

"Kwa hisani yenu."

Jamani! Fusae alisimama nyuma yake ameshika koti, akiwa na ile hanchifu iliyokunjwa vizuri kwenye mkoba. Mumewe alikuwa mbele yake. Anamkatizaje mbele ya mgeni? Aliinama na yeye, akasema "tunashukuru", na mlango mzito ukafungwa.

*

Duka lao lilikuwa na viti viwili. Fusae naye alikuwa kinyozi mwenye leseni yake halali ukutani, lakini toka waoane mgawo wa kazi ulikuwa mmoja: yeye anaosha vichwa, anakata nywele za watoto, anakanda mabega, anachemsha taulo. Wembe ni wa Yasuji. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Siku ambazo hapakuwa na safari ya hospitali Yasuji alifungua duka. Fusae alimsihi apumzike, akajibiwa kwamba kinyozi akifunga mlango wateja watazoea mlango wa jirani, na mlango wa jirani ulikuwepo kweli: karibu na stesheni palikuwa pamefunguliwa duka la kukata nywele haraka, unaingia, unakatwa, unatoka, hunyolewi ndevu wala hupewi taulo, bei yake theluthi.

Mzee Tadokoro, aliyestaafu posta, aliingia kama kawaida yake kunyolewa. Alikuwa mteja wa tangu enzi za babake Yasuji.

"Fundi, umepungua. Mkeo hakulishi?"

"Ananilisha figili tu."

"Figili zina nguvu. Tatizo ni mpishi." Mzee alicheka peke yake, akafumba macho, akaegemezwa.

Yasuji alimpaka povu, akavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili, akaanza. Ule mkono haukuwa na ugonjwa. Fusae, aliyekuwa akikunja taulo, alimtazama akaona raha kidogo, raha ya kuona mambo yako kama zamani. Kisha akaona bega la mumewe limekakamaa. Yasuji alikuwa ameacha kupumua. Barakoa ilikuwa imelowa upande mmoja, unyevu wa rangi ya chai, na kabla hajawahi kugeuka, tone likapita chini ya ukingo wa barakoa likaangukia kwenye taulo jeupe kifuani mwa Tadokoro. Lilikuwa zito, la manjano, lenye uzi wa damu.

Mzee Tadokoro alifumbua macho. Aliliona. Yasuji aliona kwamba ameliona.

"Baridi ya mwaka huu," alisema Tadokoro akiangalia dari, "imeanza mapema."

"Imeanza mapema kweli," alisema Yasuji.

Fusae alilinyakua lile taulo, akaweka jingine. Yasuji alimaliza kazi. Hakumkwangua hata kidogo. Mzee alilipa, akashukuru kupita kiasi, akasahau kofia yake, na alipofuatwa nayo barabarani aliipokea bila kuangalia uso wa mtu. Fusae akajua huyo ndiyo basi. Hakumlaumu. Angekuwa yeye naye asingerudi.

Alimkuta mumewe amesimama mbele ya sinki la kuoshea vichwa, bomba limefunguliwa mpaka mwisho.

"Baba Minori, kesho tumwambie daktari."

"Tumwambie nini?"

"Kwamba pua imejaa. Kwamba inatoa uchafu. Wanakuuliza kila siku!"

"Wanauliza kwa adabu. Na mimi najibu kwa adabu." Alijifuta uso polepole. "Wewe unawaona watu wa pale? Wanaingia watoto wadogo wasio na nywele. Wanaingia mama zao. Halafu mimi mtu mzima nikasimame niseme, samahani bwana, nina makamasi? Wasimamishe mashine ile kwa ajili ya makamasi yangu?"

"Siku ya kupimwa ulikuwa huna. Sasa unayo."

"Siku ya kupimwa niliisafisha kwa maji ya chumvi alfajiri nzima. Huendi kwa daktari na pua chafu."

"Na siku hizi?"

"Naisafisha. Inajaa njiani. Nifanye nini, nipenge kwenye treni?"

"Penga chooni hospitali!"

"Kuna watu."

Fusae alihisi hasira zikimpanda mpaka masikioni. Akataka kumwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akaliuma neno, maana neno hilo "kifo" lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile tangu ugonjwa uingie. Badala yake akasema, "Basi nitasema mimi."

Yasuji aligeuka. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Ukinivua nguo mbele ya wale watu, Fusae, mimi sirudi pale. Tiba itaishia hapo."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu mtoto wao Minori azaliwe. Fusae akanyamaza. Usiku alipika wali na supu, wakala wakiangalia utabiri wa hali ya hewa.

*

Na alinyamaza safari iliyofuata pia, na nyingine baada ya hiyo. Hili ndilo lililokuja kumtafuna baadaye. Alijitetea moyoni kwamba makamasi ni makamasi, kwamba madaktari wana mashine zao za kuona, kwamba mtu aliyeumbwa na adabu kama yule ukimvunja hatasimama tena. Lakini kila Nagumo alipouliza na Yasuji alipojibu "kwa hisani yenu", alizidi kulibana koti kifuani.

Siku moja mlango ulipofungwa alikaa kwenye benchi la nje, karibu na mama mmoja mnene wa shamba, Bi Someya, ambaye mumewe alikuwa na saratani ya pua vilevile na zamu yake ilikuwa ikifuata. Bi Someya alikuwa na mdomo usio na likizo. Alishamweleza Fusae habari za kabichi zake, mkwe wake, na mbwa wa jirani.

"Wetu leo wamemchelewesha," alisema akimenya chungwa. "Alipata mafua, mjinga yule. Nikamwambia Nagumo pale pale mlangoni, huyu bwana pua yake imeziba kama mfereji. Basi wakamrudisha kwenye picha kwanza."

"Kwa mafua tu?"

"Eh! Wanasema pua ikijaa, vipimo vyote vinaharibika. Ule mwale ulipimiwa hewa, sasa unakuta matope. Hauendi kule ulikotumwa." Alimpa Fusae kipande cha chungwa. "Kula, mwenzangu. Mbona umebadilika rangi?"

Fusae alikuwa amekishika kile kipande na hakioni. Nyuma ya mlango ule mumewe alikuwa amelala chali, uso umebanwa kwenye kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yake na kufungwa mezani, kinywani ameng'ata kidude cha kumzuia asitikisike. Hata akitaka kusema ukweli sasa, hawezi. Na wao walikuwa wanajiandaa kumpiga mwale.

Alisimama. Kando ya mlango palikuwa na chumba cha wataalamu chenye kioo, na juu ya kioo maandishi ya kuomba watu wasigonge. Fusae Kuribara, mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akiomba radhi hata akikanyagwa yeye, aliinua ngumi akagonga kioo kile kwa nguvu mpaka wote waliokuwa ukumbini wakageuka.

Nagumo alitoka mbio. "Mama, kuna nini?"

"Naomba radhi. Naomba radhi sana kwa usumbufu." Aliinama mara mbili, akainama tena. "Simamisheni. Mume wangu anawadanganya."

"Anatudanganya?"

"Pua yake imejaa! Inatoa usaha na damu, imejaa tangu wiki iliyopita, anameza, anameza njia nzima, na kila mkimuuliza anasema hakuna. Na mimi nilijua. Nilisimama hapa hapa na koti lake mkononi, nikijua."

Nagumo aligeuka, akarudi ndani, na Fusae akamsikia akisema kwa sauti ya juu, "Simama, simama, tusianze!"

*

Walimpiga picha upya, kisha wakawaketisha chumbani mwa Daktari Isobe. Yasuji alikuwa na alama za vijishimo vya kinyago uso mzima. Alikaa magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Hakumtazama mkewe. Walipokuwa wakingoja alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo."

"Nimekuvua," alisema Fusae. "Nitakuvua tena."

Daktari aliingia, akawaonyesha picha mbili ubavu kwa ubavu. Kwenye ile ya siku ya vipimo, pango la shavu lilikuwa jeusi karibu lote, uvimbe umejibanza nyuma na juu. Kwenye ile ya leo pango zima lilikuwa la kijivu.

"Hapa palikuwa na hewa, sasa pana kamasi nzito," alisema. "Kwa mwale huu, kamasi ni sawa na nyama. Unachoka njiani, unasimama kabla ya kufika. Tunapiga picha za kuhakiki, ya kwenu ilikuwa inakaribia, lakini kati ya picha na picha tunamtegemea mgonjwa atuambie."

"Naomba radhi," Yasuji alisema, akainama.

"Mzee Kuribara, sitaki radhi. Nataka unielewe. Ukingo wa nyuma wa uvimbe, ule ulio karibu na mshipa wa jicho, haujapata dawa yake kwa siku kadhaa. Tutakusafisha pua hapa hapa kila siku kabla ya kuanza, hilo ni jepesi. Ila ule upungufu lazima ufidiwe, na kuna njia mbili." Alivuta kiti karibu. "Ya kwanza, tunaendelea kulikwepa jicho kama mwanzo. Pengine ukingo ule utabaki hai, na ukibaki utarudi, na ukirudi hapo sina uhakika nitakuwa na cha kukupa. Ya pili, tunausogeza mwale mpaka ndani kabisa. Hapo nina tumaini zaidi. Lakini mshipa wa jicho la kulia utaingia kwenye moto. Halitakufa leo. Litafifia, mwaka, miaka miwili, kisha naogopa litazima."

Fusae alibaki na maneno mawili tu masikioni. Siku kadhaa. Hizo ndizo siku alizoshika koti. Alitaka kusema ni mimi, ni kosa langu, nichukueni langu.

"Unachagua ipi?" daktari aliuliza.

"Naacha mikononi mwako, daktari."

"Hapana. Hili siwezi kukuamulia."

"Basi, chochote kitakachowapa usumbufu mdogo..."

"Mzee Kuribara!" Ile sauti ya chekechea iliondoka. "Usumbufu wetu haumo humu. Unataka nini wewe?"

Yasuji alimgeukia Fusae kwa mara ya kwanza tangu atolewe kwenye kinyago, macho yakiomba, kama anavyomwomba amjibie wageni mlangoni au amchagulie soksi. Fusae angeweza kusema. Jibu lilikuwa limemjaa kifuani, lilikuwa linamsukuma meno. Lakini alitikisa kichwa.

"Jicho ni lako," alisema. "Safari hii sisemi."

Yasuji alitazama mikono yake. Alivuta pumzi, ikakwama, kamasi ikamtiririka mpaka mdomoni, na hakuifuta. Aliiacha pale mbele ya daktari, mbele ya Nagumo aliyesimama mlangoni, mbele ya mkewe.

"Nataka kuishi," alisema. Kisha, kama ambaye hakujisikia akisema, akarudia kwa nguvu, sauti ikivunjika, "Nataka kuishi. Sogezeni mwale. Nataka kuishi, jamani."

Daktari aliitika kwa kichwa. "Na kazi yako? Nimeona kwenye maelezo yako..."

"Wembe ataushika huyu." Alimwonyesha Fusae kwa kidevu, bila kumtazama. "Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Siku zote alikuwa nao. Sikuwahi kumwambia."

Daktari Isobe aliinamia karatasi zake ingawa hapakuwa na cha kusoma. Fusae alikuwa analia, analia kwa sauti, bila kuziba mdomo kwa mkono, na katikati ya kilio chake hasira zikampanda.

"Miaka yote hiyo!" alimfokea mumewe. "Miaka yote hiyo unanichemshisha mataulo! Ungesema!"

"Nasema sasa," alisema Yasuji.